Mtunza Shamba Yumo Kwenye Bei

Kila mwaka, Februari ikishapita nusu, Nohora Tibaquirá huzima cherehani zake, hufunga duka lake la sare za shule katika mtaa wa Engativá, Bogotá, na kuanza kuwatafutia ndugu zake nyumba ya kupumzikia shambani. Watoto wameshaingia madarasani. Sketi za marinda zimekwisha rafuni, na hakuna mzazi atakayebisha hodi tena mpaka mwezi wa Mei, wale wanaorefuka haraka watakapokuwa wamepasua suruali zao. Watu wa maofisini wamemaliza likizo za mwisho wa mwaka, na Pasaka bado iko mbali. Huko chini kwenye nchi ya joto, upande wa Tocaima, nyumba zenye mabwawa ya kuogelea zimekaa tupu na wenye nyumba wanapokea simu kabla haijalia vizuri.

Ndugu huchangia, lakini kuchagua ni kazi ya Nohora peke yake. Mwaka aliochagua mdogo wake Wilmar, walikuta bwawa la kijani lenye vyura wengi kuliko wageni. Tangu hapo Wilmar amepewa kazi ya kubeba masufuria.

Nohora huchagua nyumba kama anavyochagua kitambaa, kwa kutafuta kasoro. Maoni mabaya ya wageni huyasoma kwanza, na yale mazuri mara nyingi hayafikii kabisa. Picha zilizopigwa kutoka juu hazihesabu. Humtaka mwenye nyumba arekodi video ya bwawa siku hiyo hiyo, huku akitaja tarehe kwa sauti yake mwenyewe. Huuliza pampu inawashwa lini wakati hakuna mgeni, na maji yanatoka wapi kiangazi. Mwenye nyumba akijibu kwamba bwawa lake ni safi siku zote, Nohora humshukuru na kulifuta jina lake.

Swali la mwisho huwa ni kuhusu mtunza shamba. Hakuna familia ya Bogotá itakayokubali kukodi nyumba ya shamba isiyo na mtu wa kuishi pale, mtu wa kufungua geti, kuwasha pampu, kuua nyoka na kuleta kuni za kupikia supu ya sancocho. Ndiyo maana karibu matangazo yote humalizia kwa maneno yale yale, baada ya friji na jiko la gesi: mtunza shamba yumo kwenye bei.

Nohora anayajua maneno hayo kwa upande wa pili. Baba yake, Eliécer, alikuwa mtunza shamba.

Mwaka jana, kwenye kundi la ndugu la WhatsApp, mdogo wake Yamile alikuwa ameshapeleka picha za nyumba nne kabla Nohora hajamaliza kunywa kahawa.

"Hii ya Melgar ina utelezi wa watoto wa kuporomokea majini," aliandika Yamile.

"Utelezi una ufa," Nohora akajibu. "Kuza picha."

"Na hii yenye beseni la maji ya moto?"

"Nchi ya joto, maji ya moto ya nini? Unataka kuchemshwa na ndizi?"

"Dada, wewe hata peponi utaomba kwanza video ya malaika," aliandika Wilmar, akatuma nyuso tatu zinazocheka.

Nohora alikuwa akiitazama simu kwa karibu. Alikuwa amefungua tangazo la nyumba iitwayo El Paraíso Azul. Picha ya kwanza ilionyesha bwawa lililopinda kama figo. Kwenye ukingo wake alikaa chura wa saruji mwenye mdomo wazi, kapakwa rangi ya buluu, na mguu wake mmoja wa mbele haukuwa na vidole. Nohora alijua vidole vile vilivunjwa na nini. Vilivunjwa na toroli la baba yake, na baba yake alikatwa mshahara kwa ajili hiyo. Wakati ule nyumba haikuitwa El Paraíso Azul. Iliitwa Villa Clemencia.

Alizima simu, akakata mikono ya mashati mawili, akaiwasha tena.

Alipokuwa na miaka kumi, Nohora aliishi na wazazi wake katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ile, karibu na sinki la zege la kufulia. Wenye shamba, familia ya Urrutia, walikuja mwisho wa juma na sikukuu. Sheria ya bwawa haikuandikwa mahali, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuisoma: watoto wa mtunza shamba waliokota majani ndani yake kwa wavu wa mpini mrefu, na hawakuingia.

Siku moja ya Februari, katikati ya juma, Bi Clemencia Urrutia alishuka kutoka Bogotá kuonana na mwanasheria, akaja na mwanawe Gonzalo, mvulana wa miaka kumi na miwili. Watu wazima walikuwa sebuleni. Gonzalo alikuwa ndani ya maji, amechoka kucheza peke yake.

"Ingia," alimwambia Nohora. "Mama hatoki huko leo."

"Sina nguo ya kuogelea."

"Ingia hivyo hivyo. Mimi ndiye ninayekwambia."

Nohora akaingia na gauni lake. Walishindana kumgusa chura, na Nohora akashinda mara mbili. Alikuwa anamgusa mara ya tatu Bi Clemencia alipotokea barazani na miwani yake ya jua.

Bi Clemencia hakupiga kelele. Aliuliza nani amemruhusu mtoto huyu. Gonzalo akatazama maji, akasema, "Kaingia mwenyewe."

Ndipo Bi Clemencia alipomwita Eliécer na kumwambia afungue kizibo. Ilikuwa kiangazi, kisima kilikuwa kimekauka, na maji yale yalikuwa yameletwa kwa lori. Yalitiririka mpaka malishoni mchana kutwa. Bwawa lilipokauka, Eliécer alipewa brashi na ndoo ya klorini akashuka chini kwa magoti kusugua vigae, na mkewe na binti yake wakaambiwa wasimame pale watazame ili wakumbuke. Gonzalo alikaa ukingoni akila barafu ya kijiti, miguu yake ikining'inia juu ya kichwa cha Eliécer.

Wiki hiyo hiyo mama alimchukua Nohora na Yamile, ambaye alikuwa bado ananyonya, wakahamia kwa shangazi Bogotá. Wilmar alizaliwa huko. Eliécer alibaki shambani miaka mingine tisa, kwa kuwa hawakuwa na mshahara mwingine, akipanda mjini siku za mapumziko na mfuko wa ndimu. Halafu Bi Clemencia akapata mtunza shamba kijana zaidi.

Nohora hakulisahau jambo lile hata siku moja. Watu wanaomfahamu husema ni mwanamke mtulivu, na kweli ni mtulivu. Lakini katika safari zote za familia, nyumba zote zile alizozichagua kwa uangalifu kwa sababu ya mabwawa yao, hakuna aliyemwona ndani ya maji. Alikaa kivulini akigeuza nyama. Alichokitaka kilikuwa bwawa moja tu: Tibaquirá mmoja aogelee ndani yake, na Urrutia mmoja asimame ukingoni, afunge mdomo.

Kwa hiyo alipiga simu. Alitumia jina la marehemu mumewe, akajitambulisha kuwa ni Bi Beltrán. Sauti ya mwanamume ilimjibu kwa adabu nyingi, sauti ya mtu aliyelelewa na wahudumu.

"Bwawa ni la kwetu tangu enzi za mama," alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba, Gonzalo Urrutia, niko hapa kukutumikia."

"Na mama yuko salama?"

"Alifariki, bibi. Miaka mitatu sasa."

Nohora akanyamaza kidogo. Gonzalo akadhani ni heshima.

"Pole sana," Nohora alisema. "Na mtunza shamba?"

"Yupo. Pacho. Mtu mwaminifu sana, yuko nasi tangu zamani. Ukitaka kitu chochote, mwite Pacho."

"Nitamwita."

Kwenye kundi la ndugu aliandika kwamba ameshapata. Yamile akalalamika kwamba nyumba haina utelezi, haina beseni, vyumba vina feni badala ya kiyoyozi, na mgeni mmoja aliyepita ameandika kwamba alimkuta mjusi kwenye kibaniko cha mkate.

"Wewe ungeifuta nyumba hii kwa mjusi peke yake," Yamile aliandika. "Kuna nini?"

"Bwawa lake nimelipenda," Nohora akajibu.

Hakuwaambia zaidi. Baba yake naye, Nohora alimwambia tu kwamba daktari wa magoti amesema maji yatamsaidia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kwa siku kadhaa alimshonea kaptula ya kuogelea ya kitambaa kizuri cha buluu iliyokoza, chenye mshono maradufu, akaiwekea kiunoni kipira laini kisichobana. Eliécer ana miaka themanini na moja. Jicho moja lina mtoto wa jicho na jingine huliamini pale anapotaka.

Walifika Ijumaa mchana kwa magari mawili. Getini alisimama mwanamume wa makamo, mwenye tumbo, kofia pana ya majani na viatu vya mpira ambavyo vilikuwa bado vinang'aa kwa upya.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Mimi ndiye Pacho."

Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye simu.

Nohora alikaa garini na mkono kwenye kitasa, akaelewa yote kwa mara moja. Hapakuwa na mtunza shamba. Urrutia hakuwa na uwezo wa kumlipa mtu msimu wa wageni wachache, na bila mtunza shamba asingepata mpangaji hata mmoja. Kwa hiyo alikuwa amevaa viatu vya mpira akawa yeye. Wiki zote hizo alikuwa amejiandaa kwa Urrutia mwenye miwani ya jua, aketiye barazani. Huyu aliyeletewa alikuwa bora kuliko aliyemtaka.

"Pacho," alisema, akishuka. "Chukua masanduku. La baba kwanza, na usiliburute."

Gonzalo alichukua masanduku.

Jioni ile ilikuwa ya majaribio tu. Kazi yenyewe ilianza Jumamosi asubuhi. Nohora alimwita Pacho awashe moto wa kuni. Moto ukazimika, akamwita tena. Alimtuma barafu mjini, na aliporudi akamtuma mkaa. Alimwonyesha jani ndani ya bwawa. Gonzalo alichukua wavu akalitoa. Alimwonyesha jani jingine. Alimkabidhi kuku wawili wa kienyeji walio hai na kumwambia anawataka wamechinjwa na kunyonyolewa kabla ya saa nne. Gonzalo aliwatazama kuku, na kuku wakamtazama yeye.

"Ulisema nini?" Nohora aliuliza.

"Sijasema kitu, bibi."

"Nilidhani umesema huwezi."

Mwishowe Wilmar ndiye aliyewachinja, nyuma ya nyumba, kwa huruma. Alirudi jikoni akijifuta mikono.

"Dada, huyo jamaa ni mtunza shamba wa aina gani? Kamshika kuku kama mtu anayepokea hati ya mahakama."

"Ni mvivu tu. Mzoee."

Yamile, aliyekuwa akimenya mihogo, alimtazama dada yake muda mrefu. Huwa anajua dada yake anapopika kitu kisichokuwa kwenye sufuria.

"Umempa kazi kumi tangu kahawa. Atakufa yule, kisha tutamzika kwa gharama zetu. Kakukosea nini?"

"Yumo kwenye bei," Nohora alisema, akatupia giligilani kwenye supu.

Wakati wa chakula aliandaa meza kubwa ya barazani, ile ambayo mama yake aliipangusa miaka yote bila kuikalia. Gonzalo alileta sahani. Alipomaliza alisimama kando, labda akitarajia kuitwa, kama wageni wengi wanavyofanya kwa ukarimu wao. Watu wa Bogotá wakifika shambani hupenda kumwalika mtunza shamba mezani na kumuuliza kuhusu mvua. Nohora alijaza sahani ya plastiki kwa shingo, mguu na kipande cha mhogo.

"Utakulia kule," alisema, akionyesha sinki la zege kwa kidole. "Penye kivuli."

Wilmar aliinamia supu yake. Gonzalo alipokea sahani, akashukuru, akaenda kukaa kwenye ukingo wa sinki akala kwa kijiko, mgongo akiwa ameupa baraza. Eliécer, kwenye kichwa cha meza, alitafuna polepole. Hakuwa amesema maneno mengi tangu walipofika.

Saa kumi, jua lilipopungua ukali, Nohora alimshika baba yake mkono na kumpeleka ukingoni. Alikuwa amemvalisha kaptula mpya. Watoto walikuwa majini. Ndugu walikuwa wamekaa kandokando na bia. Nohora alimwita Pacho alete taulo na maji ya sukari guru yenye ndimu, na hakumruhusu aondoke.

"Simama hapo na sinia," alisema. "Mzee anaingia kuogelea. Atakapotoka atataka kinywaji."

Gonzalo akasimama na sinia. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nohora aliushikilia mkono wa baba yake karibu na ngazi.

"Ingia, baba."

Eliécer hakusogea.

"Hii ni Villa Clemencia," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nimejua tangu getini. Bawaba za geti lile nilizifunga mimi kinyume, na bado zinalia."

"Basi ingia. Tumekuja kwa ajili hiyo."

"Humo? Siingii."

"Baba, hakuna wa kukuzuia. Wameisha. Ingia."

"Sijasema nazuiwa. Nasema siingii humo kwa sababu najua nilichokuwa natia."

Yamile alishusha chupa yake. "Baba, ulikuwa unatia nini?"

"Mkojo," alisema Eliécer, kama mtu anayetaja aina ya mbegu. "Kila Ijumaa kabla hawajafika. Tangu siku waliyolikausha kwa ajili ya dada yenu, mpaka siku waliyonifukuza. Wiki nyingine nilikunywa bia nyingi ili zawadi iwe ya kutosha."

Wilmar alipaliwa. Watoto wawili wakatoka majini haraka wakauliza kama maji yamebadilishwa tangu hapo. Yamile alicheka mpaka akashika ubavu.

"Yule Bi Clemencia," Eliécer aliendelea, "aliogelea Jumamosi asubuhi na mdomo wazi. Daktari wake alimwambia maji ya shamba yanampa ngozi nzuri. Nami nikamwambia, ndiyo, bibi, maji ya hapa yana nguvu." Akageuka pole pole, akalielekeza jicho lake zuri kwenye sinia. "Na wewe, bwana mdogo Gonzalo, wewe ulipenda kukaa chini ya maji. Nilikuwa nakuhesabia sekunde."

Kicheko kilikatika. Wote wakamtazama mwanamume mwenye viatu vya mpira.

Gonzalo alikuwa mwekundu shingoni. Lakini baada ya kitambo uso wake ulilegea, karibu kwa furaha, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliweka sinia mezani. Alivua kofia.

"Mzee Eliécer," alisema, na sauti yake ikarudi kuwa ya mwenye nyumba. "Jamani, mzee Eliécer. Nani angejua? Ndugu zangu, huyu mzee amenibeba mabegani. Sisi tulikuwa familia moja hapa." Akageuka, akamtazama Nohora vizuri kwa mara ya kwanza. "Na wewe ni yule msichana. Nohora. Kumbe ni wewe. Sasa mbona hukusema? Mwaka ujao mnakuja bure, hamlipi kitu. Niletee kiti, kijana, nikae na mzee tuzungumze."

Wilmar, ambaye si kijana, kwa adabu tu alikuwa ameanza kuinuka kuleta kiti.

"Kaa, Wilmar," alisema Nohora.

Lililomuumiza hapo halikuwa Gonzalo. Lilikuwa baba yake. Miaka yote alibeba fedheha ya mzee yule aliyepiga magoti kwenye vigae, na kumbe mzee alikuwa ameshalipiza kabla wiki haijaisha, akalala usingizi mzuri. Deni alilokuja kulidai kwa niaba ya baba lilikuwa limekwisha. Lililobaki lilikuwa la kwake, na hakuna mtu aliyewahi kulipa hata chembe yake.

"Baba haoni vizuri," alisema. "Huyu siye Gonzalo. Gonzalo nimezungumza naye kwa simu, ni mwenye nyumba, na aliniahidi mtunza shamba. Huyu ni Pacho. Au hakuna Pacho?"

Gonzalo alifungua mdomo.

"Kwa sababu kama hakuna Pacho," Nohora aliendelea kwa utulivu, "basi tangazo ni la uongo, na nitaandika hivyo leo hii. Nimeyasoma maoni yako yote. Una onyo moja tayari kwa sababu ya yule mjusi. Wakikuondoa kwenye orodha kabla ya Pasaka, nyumba hii utaikodisha kwa nani? Kwa vyura?"

Gonzalo alitazama nyumba, paa lililohitaji vigae, ukuta uliomeguka rangi. Kisha akavaa kofia.

"Yupo Pacho," alisema.

"Chukua sinia."

Akalichukua.

Nohora alivua viatu. Hakuwa na nguo ya kuogelea, hakuwahi kujishonea. Alishika ngazi na gauni lake la pamba.

"Kibao kile cha sheria za bwawa ukutani kinasemaje, Pacho?"

"Hairuhusiwi kuingia na nguo za kawaida."

"Basi nizuie."

Hakumzuia. Nohora alishuka mpaka maji yalipomfika kifuani. Gauni lilivimba likamzunguka. Hajui kuogelea vizuri, na alishika chuma cha ukingoni kwa mkono mmoja, akamtazama mtu aliyesimama juu yake.

"Siku ile, nani aliniambia niingie?"

"Nohora, tulikuwa watoto."

"Watunza shamba huniita bibi."

"Bibi. Tulikuwa watoto."

"Nilikuwa mtoto na nikaadhibiwa kama mtu mzima. Nani aliniambia niingie?"

"Mimi."

"Hawajakusikia wale wa mwisho."

"Mimi ndiye niliyemwambia aingie," Gonzalo aliwaambia ndugu waliokuwa wamekaa. "Halafu nikamwambia mama kwamba kaingia mwenyewe."

Nohora aliitikia kwa kichwa kama anayepokea kipimo cha kiuno.

"Vizuri. Barafu imeyeyuka. Lete nyingine."

Alikaa majini mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Walipoondoka Jumapili, Gonzalo alibeba masanduku bila kuambiwa, la mzee kwanza. Eliécer alimpa mkono na kumwita bwana mdogo, kwa sababu ulimi wake haujui namna nyingine. Nohora hakumpa mkono.

Jumatatu, dukani, aliandika maoni yake. Alitoa nyota tano. Alisifu bwawa, kivuli na hewa. Lakini zaidi alimsifu Pacho: mnyenyekevu, mwepesi kutumwa, anakula chochote unachompa, hatambui saa za kupumzika. Wageni wote watakaokwenda wamwite bila haya. Chini yake aliweka picha tatu alizopiga kwa simu bila Pacho kujua. Ya kwanza Pacho amebeba masanduku. Ya pili Pacho anavua jani kwa wavu. Ya tatu, kutoka upande wa pili wa sinki la zege, Pacho anakula, kofia kando, uso wazi kabisa.

Simu ilikuja siku iliyofuata.

"Ziondoe hizo picha," alisema Gonzalo. "Dada yangu ameziona. Wamezipitisha klabuni, marafiki wote wa mama. Nakuomba."

"Hukuridhika na nyota tano?"

"Unajua ninachosema."

"Naweza kuandika upya. Nitaandika ukweli wote, kwamba hakuna mtunza shamba. Chagua."

Gonzalo alikata simu, na picha zikabaki. Pasaka nyumba ilijaa, na mwezi wa Juni pia, kwa kuwa maoni ya Nohora ndiyo yaliyokaa juu kabisa na watu wa Bogotá wanapenda mtunza shamba wa namna hiyo. Wageni waliandika kwamba Pacho ni kama walivyoambiwa. Mmoja alisema aliwasha moto kwa shida lakini kwa moyo mweupe. Mwingine alishauri apewe viatu vipya. Mama mmoja wa Chapinero alisifu kwamba alimwamsha alfajiri apashe maziwa ya mtoto na hakununa.

Nohora huyasoma maoni hayo kwa sauti jioni, akikunja mashati, na Eliécer hucheka kwenye kiti chake. Siku moja Yamile, aliyekuwa amekuja kusaidia kushona vifungo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeridhika sasa?" aliuliza.

"Bado."

"Unataka nini zaidi, dada? Mtu anaamshwa alfajiri kupasha maziwa."

Nohora alilaza kola ya shati, akaibonyeza kwa kiganja.

"Mama yake alikufa kitandani, akiwa amelala," alisema. "Hakuiona hata picha moja."